Wanaume Wanaoimba Pamoja: Urafiki, Damu na Muziki katika Tamthilia za August Wilson

Jikoni kwa Doaker Charles mjini Pittsburgh, mwaka 1936, wanaume wanne wamezunguka meza yenye chupa ya wiski. Doaker ni mpishi wa treni. Wining Boy, kaka yake, zamani alikuwa mpiga piano wa kulipwa. Alirekodi santuri, akazila fedha mpaka zikaisha. Boy Willie ni mtoto wa ndugu yao marehemu, katoka Mississippi na lori bovu lililojaa matikitimaji. Lymon ni rafiki wa Boy Willie, na lori ni lake. Maongezi yanafika kwenye gereza la Parchman, na inabainika kwamba hakuna hata mmoja pale mezani ambaye hakupitia huko. Boy Willie anaanzisha wimbo wa wafungwa. Miguu inapiga sakafu, viganja vinapiga meza, sauti nne zinapokezana, na kwa dakika chache hakuna baba mdogo wala mtoto, hakuna mwenye lori wala asiye na kitu.

Hiyo imo katika sehemu ya kwanza ya The Piano Lesson, tamthilia ya August Wilson, na watazamaji wengi hutoka ukumbini wakiwa nayo kichwani kuliko kingine chochote. Wengi huisifu kama burudani. Mimi naona ndiyo ufunguo wa swali linalopita katika kazi karibu zote za mtunzi huyu: muziki unawafanyia nini wanaume wanaopendana, na unawafanyia nini ndugu wa damu moja? Jibu lake si la kufariji. Wanaume wa Wilson huwa kitu kimoja wimbo ukiwa jasho na kilio chao. Wimbo ukishakuwa mali, wenye bei na mnunuzi, wanachomana visu.

Parchman ilianzishwa mwaka 1901, shamba la gereza la jimbo la Mississippi, ambako wafungwa weusi walilima pamba wakiwa chini ya mtutu wa bunduki. Nyimbo za kazi za mahali hapo hazikuwa za kupitisha muda. Mwimbishaji aliweka mwendo, majembe na mashoka yakashuka pamoja, na hapo aliyechoka au aliyekuwa mgonjwa hakubaki nyuma akaonekana na msimamizi. Kuimba kulikuwa namna ya kumficha mwenzako ndani ya kundi. Ndiyo maana wanaume wale wanne wanaingiliana bila kufundishana: wameshawahi kuokolewa na wimbo wa aina hiyo, hata kama hawakuwa huko mwaka uleule. Wilson hamweki mtu yeyote jukwaani kueleza hayo. Anawaacha waimbe, kisha mazungumzo yanaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea.

Tumtazame mtunzi mwenyewe kidogo. Alizaliwa tarehe 27 Aprili 1945 katika mtaa wa Hill District, Pittsburgh. Mama yake, Daisy Wilson, alikuwa mfanya usafi. Baba yake, Frederick Kittel, mhamiaji wa Kijerumani na mwoka mikate, hakuwa mtu wa kuonekana nyumbani. Kijana aliacha shule akiwa na miaka 15, baada ya mwalimu kumtuhumu kwamba insha yake kuhusu Napoleon haikuwa yake, akajisomea katika maktaba ya Carnegie. Mwaka 1965 alinunua santuri kuukuu, akakuta ndani yake wimbo wa Bessie Smith, na kwa maelezo yake mwenyewe aliurudia mara 22. Tangu siku hiyo bluzi ikawa kwake kama kitabu cha historia ya watu wake, maana waliyokatazwa kuandika waliyaimba. Mwaka 1968 alianzisha kikundi cha Black Horizons pamoja na rafiki yake mshairi Rob Penny, na baadaye wawili hao wakawa nguzo za warsha ya waandishi ya Kuntu, jina lililochotwa kwenye falsafa ya Kibantu aliyoiandika padri Alexis Kagame wa Rwanda. Hadi anafariki tarehe 2 Oktoba 2005, Wilson alikuwa amekamilisha tamthilia 10, moja kwa kila muongo wa karne ya 20. Tisa zinatendeka Pittsburgh, moja Chicago.

Hiyo ya Chicago ndiyo iliyomfungulia milango ya Broadway mwaka 1984: Ma Rainey's Black Bottom. Msomaji wetu huenda ameiona kwenye Netflix, katika filamu ya mwaka 2020 aliyoiongoza George C. Wolfe, filamu ya mwisho ya Chadwick Boseman. Mwaka ni 1927. Ma Rainey mwenyewe aliishi kweli; alirekodi kwa kampuni ya Paramount kati ya 1923 na 1928. Paramount ilikuwa tawi la kiwanda cha viti cha jimbo la Wisconsin. Walianza kwa kutengeneza makabati ya gramafoni, kisha wakatengeneza santuri ili makabati yapate wanunuzi. Sauti iliyobeba huzuni ya watu kutoka Georgia hadi Tennessee ilikuwa, kwa wenye kampuni, kitu cha kuuzia samani. Wanamuziki wengi weusi wa wakati ule walilipwa mara moja, wakaondoka. Santuri iuze 100 au 100,000, kwao ilikuwa mamoja.

Bendi ya Ma katika tamthilia ni ya kubuni: Cutler wa tromboni, Toledo wa piano, Slow Drag wa besi, na Levee wa tarumbeta, kijana mwenye viatu vipya vya dola 11. Wanakaa chumba cha chini cha studio wakimsubiri bibi mkubwa. Kuna tukio moja hapo ambalo nadhani halijapewa haki yake. Slow Drag anamwomba Cutler bangi kidogo, Cutler anakataa. Basi Slow Drag anaanza kumhesabia: tumejuana zaidi ya miaka 20, tumelala chumba kimoja, tumegawana pombe, tumegawana wanawake, tumetembea miji hii na ile. Anataja kimoja baada ya kingine, taratibu, mpaka uombaji unakuwa kama tambiko. Toledo, msomaji pekee wa kundi, anawaambia kwamba hivyo ndivyo Waafrika wanavyoombana, kwa kutaja kifungo kilichopo baina yao. Levee anamcheka, yeye Afrika haimhusu. Kwetu hakuna haja ya kuelezwa. Nani hajawahi kuombwa kitu kwa kukumbushwa kwanza bibi zenu walikotoka, nani alimlea nani, na mlikula sahani moja kwenye msiba gani? Wilson ameuweka urafiki wa wanaume mahali pake hasa: si maneno ya mapenzi, ni orodha ya vitu mlivyogawana. Na anayeicheka orodha hiyo ndiye atakayeua.

Levee hakuzaliwa na kisu mkononi. Akiwa na miaka minane aliona genge la wazungu likimbaka mama yake, akajaribu kuwazuia, akakatwa kifuani. Baba yake, Memphis Lee Green, alimuuzia shamba mmoja wa watu wale wale huku akitabasamu, akahamisha familia, kisha akarudi kimyakimya akawaua wanne kabla ya kunyongwa na kuchomwa moto. Kwa hiyo kijana ana somo moja alilorithi: mchekee mzungu, ngoja siku yako. Anamchekea Sturdyvant mwenye studio, anamwandikia nyimbo, anaahidiwa bendi yake. Mwisho wa siku Sturdyvant anamwambia nyimbo hazifai kurekodiwa, lakini atazichukua kwa dola 5 kila moja. Hapo hapo Toledo, mzee asiye na ugomvi na mtu, anakanyaga kiatu kipya. Anaomba radhi. Levee anamchoma kisu.

Niliposoma tamthilia hii mara ya kwanza nilidhani kiatu ni kisingizio tu cha kufunga hadithi kwa damu. Sivyo ninavyoiona leo. Levee ana kitu kimoja tu ambacho ni chake kwa hakika siku ile, nacho kiko miguuni. Wimbo umeshauzwa kabla hajaupiga. Aliyemnyang'anya ameondoka na kufunga mlango. Aliyebaki chumbani ni rafiki. Baba yake alingoja, akarudi kwa walewale waliomdhulumu. Mwana hakuweza kuwafikia. Hasira iliyokusudiwa mwenye studio ikamshukia aliye karibu, na huyo ndiye pekee aliyekuwa anajaribu kumfundisha yeye ni nani.

Wakati huohuo juu kwenye studio Ma anafanya jambo jingine kabisa. Amekuja na mpwa wake Sylvester, mwenye kigugumizi, na anashikilia kwamba kijana huyo ndiye atakayesema maneno ya utangulizi wa wimbo. Wenye studio wanapiga kelele, sahani zinaharibika, wanarudia na kurudia. Ma habanduki, na anadai Sylvester alipwe fedha yake mwenyewe, isikatwe kwenye ya kwake. Wahakiki wengi husoma hapo majivuno ya msanii mkubwa. Naona ni hesabu ya mtu anayejua kwamba akishatia saini hana kitu tena, kwa hiyo kabla ya saini anaitumia nguvu yake kuingiza damu yake ndani ya santuri. Ma ana sauti wanayoihitaji. Levee ana karatasi wanazoweza kuzinunua. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mmoja kulinda familia na mwingine kumwaga damu ya rafiki.

Aliyemwigiza Levee mwaka 1984 alikuwa Charles S. Dutton, ambaye ujanani alifungwa kwa kumuua mtu katika ugomvi, na ambaye alikutana na tamthilia akiwa gerezani. Ni huyohuyo aliyemwigiza Boy Willie Broadway mwaka 1990. Sipendi kusoma maisha ya mwigizaji ndani ya uhusika wake, lakini hapa ni vigumu kutotaja. Mwongozaji wa maonyesho yote mawili alikuwa Lloyd Richards, na ushirikiano wake na Wilson ulianzia kituo cha Eugene O'Neill huko Connecticut mwaka 1982.

Seven Guitars iliyooneshwa kwanza Chicago mwaka 1995 inalirudia swali hilohilo, ila safari hii tuko uani, mwaka 1948, na tunajua tangu mwanzo nani amekufa. Marafiki wametoka kumzika Floyd Barton, mpiga gitaa. Halafu tunarudishwa nyuma kuona alivyofika kaburini. Floyd ametoka kifungo cha siku 90. Kosa lake lilikuwa uzururaji. Walimkamata akitoka kumzika mama yake. Wakati yuko ndani, santuri yake imeanza kupigwa kila mahali, na kampuni ya Chicago inamwita. Gitaa lake liko rehani. Ngoma za Red Carter ziko rehani. Wimbo unasikika redioni, vyombo vilivyoupiga viko dukani kwa mkopeshaji. Sijui picha nyingine ya jukwaani inayoonesha biashara ya muziki wa watu weusi wa Marekani kwa uwazi kuliko hiyo.

Uani pale wanaume wanafanya yote ambayo marafiki hufanya. Wanasikiliza pigano la Joe Louis redioni na kucheza kwa furaha. Wanabishana juu ya wanawake, juu ya jogoo, juu ya Biblia. Wanatoleana silaha na kuzilinganisha kama watoto wanaooneshana vitu vya kuchezea. Na wanapiga muziki. Hedley, mzee mwenye kifua kikuu anayeuza sandwichi na mayai, anachukua ubao, msumari na waya, anatengeneza ala ya uzi mmoja na kueleza kwamba sauti yake inaweza kumrudishia mtu maombi ya mama yake. Floyd, mwenye santuri inayovuma, anatulia mbele ya ala hiyo isiyo na bei. Mama yake amezikwa bila jiwe juu ya kaburi, na moja ya haja zake kubwa ni kumwekea hilo jiwe. Kwa mtu wa namna hiyo Chicago ni njia ya kulipa deni la mama kabla ya kuwa njia ya umaarufu.

Fedha hazipatikani kwa njia halali. Meneja aliyemwahidi fedha anakamatwa kwa kuuza bima za uongo. Floyd anashiriki wizi wa kutumia bunduki, mwenzake anapigwa risasi akafa, yeye anafukia fedha uani. Canewell, mpiga harmonika na rafiki yake wa karibu, anazikuta. Hapa urafiki unapita mtihani: Canewell anagundua ni za Floyd, anamwachia. Lakini Hedley naye anamwona Floyd na fedha. Hedley alipewa jina la King kwa heshima ya Buddy Bolden, mpiga tarumbeta wa New Orleans ambaye baba yake alimpenda mno, na maisha yake yote ameota kwamba Bolden atamletea fedha za baba anunue shamba, asiwe tena chini ya mzungu. Usiku ule anaamini Bolden amefika. Floyd anakataa kutoa. Hedley anamkata koo kwa panga.

Ukiziweka tamthilia hizi mbili pamoja unaona kiunzi kimoja. Kuna baba aliyedhulumiwa, kuna mwana anayetaka kulipiza au kurithi, kuna muziki unaoahidi kuwa njia, kuna mtu wa nje anayeshika fedha, na kuna rafiki anayekufa. Wapo wanaomlaumu Wilson kwa kuwaonesha watu weusi wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Nadhani lawama hiyo inawatazama wauaji na kuwasahau wanaokosekana. Sturdyvant hayupo chumbani Toledo anapokufa. Kampuni ya Chicago haionekani jukwaani hata mara moja. Wilson anawaacha nje kwa makusudi ili tuhisi uzito wao kama wahusika wenyewe wanavyouhisi: nguvu ambayo haina shingo ya kukabwa.

Lawama nyingine ina haki zaidi, nayo ni kuhusu wanawake. Katika Seven Guitars Vera amerudiwa na Floyd, mwanamume aliyemwacha kwenda Chicago na mwanamke mwingine, na kazi yake kubwa ni kuamua kama atamwamini tena. Anasema vizuri, kwa uchungu wa kweli, lakini gitaa haligusi. Wanaume wanaimba, wanawake wanapika, wanaonya, wanazika. Huo ni upungufu, na hausameheki kwa kusema tu kwamba ndivyo nyakati zilivyokuwa, maana bluzi ya miaka ya 1920, ile aliyoipenda Wilson, ilitawaliwa na wanawake: Ma Rainey, Bessie Smith, Mamie Smith. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Katika tamthilia 10 alimpa mwanamke mmoja tu mwimbaji kiti cha enzi.

Kuhusu Canewell kuna nyongeza inayouma. Wilson alimrudisha katika King Hedley II, hadithi ya mwaka 1985, akiwa mzee anayeitwa Stool Pigeon, jina la wachongezi, kwa sababu alitoa ushahidi dhidi ya Hedley. Yule aliyempoteza rafiki, akasema ukweli juu ya muuaji wake, ndiye mtaa uliompachika jina la aibu kwa karibu miaka 40. Nani basi alimsaliti nani? Urafiki wa wanaume katika dunia hii una sheria yake, na sheria hiyo haimtofautishi anayetetea wafu na anayewauza walio hai.

Fences, iliyompa Wilson tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, ina muziki kidogo kuliko hizo nyingine, na pengine ndiyo maana muziki uliopo una nguvu. Troy Maxson ni mzoa taka, zamani mchezaji wa besiboli. Yeye na rafiki yake Bono walijuana gerezani, Troy alipofungwa miaka 15 kwa kuua mtu katika wizi. Kila Ijumaa ya mshahara wanakaa uani na chupa. Mwanawe mkubwa, Lyons, ni mwanamuziki wa jazi anayekuja kila Ijumaa hiyohiyo kukopa dola 10. Troy hana heshima na muziki wa kijana, hakanyagi anakopigia. Lakini yeye mwenyewe ana wimbo mmoja juu ya mbwa, aliourithi kwa baba aliyemchapa na kumfukuza, na anauimba bila kufikiri, kama mtu anayepumua.

Bono ndiye rafiki bora zaidi katika tamthilia zote 10, na ubora wake unaonekana pale anapomwambia Troy asilolitaka: kwamba anayumba na mwanamke wa nje, kwamba Rose, mke wake, hastahili hilo. Anakubaliana naye dau: Troy akimaliza uzio ambao mkewe ameuomba, Bono atamnunulia mke wake jokofu. Wote wawili wanatimiza. Jokofu likanunuliwa, uzio ukaisha, na kufikia hapo urafiki umeshafifia. Bono anacheza domino mahali pengine. Hakuna ugomvi wala kisu. Kuna mtu aliyesema kweli na mwenzake asiyeweza tena kumtazama machoni. Hilo linanigusa kuliko vifo vya Toledo na Floyd, kwa sababu ndivyo urafiki mwingi wa wanaume unavyokwisha.

Siku ya mazishi ya Troy, mwaka 1965, mwanawe Cory amerudi na sare ya jeshi na ametangaza kwamba haendi kanisani. Baba alimnyima nafasi ya kucheza mpira, wakapigana, akafukuzwa. Raynell, mtoto aliyezaliwa na yule mwanamke wa nje na kulelewa na Rose, anaanza kuimba wimbo wa mbwa. Cory anaujua. Wanauimba wote, ubeti kwa ubeti, ndugu wawili wasiofahamiana. Ndani ya tamthilia hakuna anayeurekodi wala kuuza wimbo huo; hauna bei. Kwa sababu hiyo umefika. Lyons, ambaye muziki ulikuwa kazi yake, amekuja siku hiyo kwa ruhusa kutoka kifungoni, alikowekwa kwa kubadilisha hundi za watu.

Tunaweza sasa kurudi kwa ukoo wa Charles, ambako Wilson alilikabili swali lote kwa pamoja. Piano iliyo sebuleni kwa Doaker ina historia. Enzi za utumwa familia ya Sutter iliipata kwa kubadilishana na watumwa wawili: bibi yake Doaker na mtoto wake wa kiume. Mume aliyebaki, fundi seremala, aliamriwa achonge sura zao kwenye mbao za piano ili bibi wa nyumba asiwakose. Akachonga na mengine ambayo hakuagizwa, ndoa, vizazi, mazishi, ukoo mzima. Tarehe 4 Julai 1911, baba yake Boy Willie na ndugu zake waliitoa nyumbani kwa Sutter, na baba huyo akauawa kwa kuchomwa ndani ya behewa. Mama alibaki akiifuta na kuing'arisha miaka 17.

Boy Willie anataka kuiuza anunue ardhi ya Sutter, ardhi ileile ukoo wake ulikofanywa watumwa. Ana sehemu ya akiba, matikiti yatatoa sehemu ya pili, piano iliyobaki. Dada yake Berniece hataki hata kusikia. Mtazamaji wa haraka humpa dada ushindi: kumbukumbu haiuzwi. Lakini Wilson ni mkali kuliko hivyo. Berniece haigusi piano tangu mama yake afariki, na hajamwambia binti yake Maretha sura zile ni za nani. Mtoto anajifunza kuipiga kama piano yoyote. Boy Willie anasema wazi kwamba kama dada angekuwa anaitumia, angemwachia. Kuificha na kuiuza, kwa Wilson, ni njia mbili za kuipoteza. Na Wining Boy amekaa hapohapo kama onyo la njia ya tatu: aliyepiga piano kwa ajili ya watu mpaka asijue tena kama yupo yeye bila piano.

Mwishoni mzuka wa Sutter unaivamia nyumba. Kaka anapambana nao kwa mikono ngazini. Mhubiri Avery anaomba, hafaulu. Berniece anakaa kwenye piano, anapiga na kuwaita wafu wake kwa majina. Mzuka unatoka. Katika tamthilia hizi zote nilizozitaja hapa ndiyo mara pekee wimbo unaokoa uhai wa mtu papo hapo, na anayeupiga ni mwanamke, dada, mbele ya kaka aliyekuja kumnyang'anya. Sidhani ni bahati. Familia ya Denzel Washington ilipoitengeneza filamu mwaka 2024, Malcolm Washington akiongoza na kaka yake John David akimwigiza Boy Willie, uzito wa kamera uliwekwa kwa Danielle Deadwyler akiwa Berniece, na uamuzi huo naukubali.

Hata hivyo mwisho huo unaacha hesabu wazi, na siwezi kuipita. Boy Willie alikuja na rafiki na lori. Lymon, aliyelala barabarani naye kila lori lilipoharibika, anabaki Pittsburgh. Huko kusini anatafutwa, na huku amepata mwanamke. Boy Willie anapanda treni na Wining Boy, baba yake mdogo. Damu imeshinda urafiki, na piano imebaki inapostahili. Lakini hoja yake juu ya ardhi hakuna aliyeijibu. Alisema kwamba mtu mweusi wa Mississippi asiye na shamba ataendelea kulima la mwenzake na kufungwa Parchman, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea. Anarudi huko bila fedha za piano, ardhi ya Sutter bado iko sokoni.